Loki ikikaushwa: maswali mnayoniuliza kuhusu kuishi botini na kuwatazama mafundi wa mfereji

Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba unaishi ndani ya boti Uingereza, anaona bahari, mawimbi na samaki wa kukaanga. Mimi naishi mferejini. Mfereji wa Kennet na Avon, unaokata kusini mwa Uingereza kutoka Reading hadi Bath na Bristol, na boti yangu ni bomba la chuma lenye madirisha. Majira ya baridi yaliyopita nilikwama juu ya mji wa Devizes kwa wiki kadhaa, kwa sababu loki mojawapo chini yangu ilikaushwa itengenezwe. Sikuwa na pa kwenda. Kila asubuhi nilimimina chai, nikavaa makoti mawili, nikaenda kusimama penye uzio wa mafundi. Picha nilizotuma zimezaa maswali, na maswali ni yaleyale kila wiki, kwa hiyo nayajibu hapa yote kwa pamoja.

Kwanza, loki ni kitu gani?

Maji hayapandi mlima, na mfereji una milima mbele yake. Loki ni chumba cha matofali na mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye malango upande wa juu na malango upande wa chini. Ukitokea chini, unaingiza boti chumbani na kufunga malango nyuma yako. Halafu unazungusha mkono wa chuma, vilango vidogo vilivyo chini ya maji vinafunguka, na maji ya juu yanashuka chumbani. Boti inapanda nayo polepole. Maji ya ndani yakilingana na ya juu, lango linafunguka, unaendelea na safari. Hakuna injini wala umeme. Boriti ndefu ya lango unaisukuma kwa makalio, na usicheke, kila mtu huku anasukuma hivyo kwa sababu mikono peke yake haitoshi.

Shangazi yangu wa Pangani alielewa kabla sijamaliza kueleza. “Kumbe ni bamvua ya kujipangia mwenyewe,” akasema. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Pale Devizes loki ziko 29, zinaitwa Caen Hill. Kwa mwendo wa kama kilomita 3 zinapandisha boti mita 72. Kumi na sita za katikati zimejipanga mstari mmoja mlimani kama ngazi, na pembeni yake kuna mabwawa ya kuhifadhi maji. Kuzipita zote ni kazi ya saa tano hadi sita, na kesho yake hutaki kuinua hata kikombe. Mhandisi wake alikuwa John Rennie, na zilipofunguliwa mwaka 1810 mfereji mzima ukawa umekamilika. Baadaye reli ikaja, biashara ikahamia huko, loki zikaoza na kujaa magugu. Watu wa kujitolea walihangaika nazo kwa miaka mingi mpaka mfereji ukafunguliwa tena rasmi mwaka 1990.

Boti yako ikoje?

Nyembamba. Upana futi 6 na inchi 10, kwa sababu loki nyingi za katikati ya nchi zilijengwa na upana wa futi 7 tu tangu enzi za James Brindley, karne ya 18, na boti zikafuata. Huku kwetu loki ni pana, zinaingia boti mbili ubavu kwa ubavu. Yangu ina urefu wa futi 57. Kutoka omo hadi tezi utakuta jiko la kuni na mkaa, meza, jiko la gesi, bafu, kitanda. Mgeni akitaka kupita wakati napika, mmoja wetu lazima aketi.

Kwa nini wafunge mfereji wakati wa baridi, wakati watu mnahitaji kusogea?

Kwa sababu majira ya joto boti za watalii zimejaa na kufunga njia ni kuua biashara ya watu. Kazi kubwa hupangwa kati ya Novemba na Machi. Taasisi inayosimamia ni Canal & River Trust, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012 kutoka shirika la umma, na ina kilomita zaidi ya 3,000 za mifereji na mito ya kuangalia katika England na Wales. Ratiba hutangazwa mapema. Ukisoma tangazo vizuri unaamua: nibaki juu ya loki au chini? Mimi nilisoma, nikaamua kubaki juu. Kutoka Devizes kuelekea mashariki kuna maili 15 za mfereji bila loki hata moja, nafasi ya kutosha ya kutembea. Waliobaki chini walikuwa na mabaa mengi zaidi. Kila mtu na hesabu zake.

Maji ya loki wanayapeleka wapi?

Hili ndilo swali lililonitoa botini siku ya kwanza.

Ukutani, juu na chini ya loki, kuna mifuo miwili inayotazamana, imekatwa ndani ya mawe. Boti zinapita hapo kila siku na hakuna anayeiona. Mafundi waliteremsha mbao nene katika mifuo hiyo, moja juu ya nyingine, mpaka ukuta wa mbao ukasimama kuzuia maji. Halafu pampu zikawashwa. Ndani ya loki maji yakaanza kushuka, na maji ya juu yakawa yanapitishwa pembeni kwa mabomba makubwa ili vipande vya chini vya mfereji visikauke.

Lakini mbao ni mbao. Zilikuwa zinavuja kwenye kila kiungo, vijito vidogo vinachuruzika kama mtungi wenye nyufa. Fundi mmoja mzee akanijia nilipokuwa nimesimama na chai yangu, akaniuliza kama nina jivu. Jivu! Ndoo nzima ilikuwa inanisubiri nyuma ya boti, sikujua pa kulimwaga. Akalimwaga majini upande wa juu wa mbao, kidogo kidogo, akiliangalia. Maji yanayovutwa na ufa yakalibeba jivu hadi ufani, likanasa, likajaza. Baada ya dakika kumi vijito vilikuwa vimebaki viwili. Wengine hutumia vumbi la mbao, kazi ni ileile.

Nilisimama pale nikiwakumbuka mafundi wetu wanaokalafati majahazi, pamba inavyopigwa patasi kwenye maungo ya mbao na kupakwa sifa, yale mafuta ya papa. Huku chombo kimo majini na ukuta ndio unaokalafatiwa, lakini adui ni yuleyule, na ufa unajazwa kwa kitu ambacho mtu mwingine angekitupa. Tangu siku hiyo sikuitwa tena “yule mtu wa boti ya kijani.” Niliitwa mtu wa jivu.

Na samaki?

Wanatolewa kabla maji hayajaisha. Wataalamu huingia na viatu vya mpira hadi kifuani, wana fimbo yenye mkondo mdogo wa umeme unaowalewesha samaki kwa muda, kisha wanawachota kwa nyavu na kuwahamishia kipande kingine cha mfereji. Hawaliwi. Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali lolote, hasa na watu wa Mombasa, kwa hiyo narudia: hawaliwi.

Chini ya loki kuna nini?

Tope kwanza. Tope jeusi, zito, lenye harufu ya jani lililooza. Halafu kila kilichowahi kumponyoka mtu: mikono ya chuma ya kuzungushia vilango, wingi wake wa kushangaza, kwa maana kila mwenye boti amewahi kusikia ule mlio wa “chubwi” na kubaki akitazama mapovu. Baiskeli, moja. Miwani. Kiti cha plastiki.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kizingiti. Chini ya malango ya juu sakafu ya mfereji inaishia ghafla, kama kibaraza, kisha inaporomoka hadi sakafu ya chumba. Ukiwa ndani ya boti unaona mstari mweupe tu umepakwa ukutani, na umeambiwa: unaposhuka, tezi yako ikae mbele ya mstari huu. Unatii bila kufikiri sana. Loki ilipokauka nilimwona fundi amesimama sakafuni, na kizingiti kilikuwa juu ya kofia yake. Boti ikinasa tezi hapo huku maji yanashuka, omo inaendelea kushuka peke yake, na ndani ya dakika chache boti ya tani kumi na kitu imening'inia na kujaa maji. Vyombo vimezama hivyo. Nimepita mistari ile mara nyingi nikiongea na simu. Sasa siongei.

Kwa nini malango bado ni ya mbao? Hakuna chuma Uingereza?

Chuma kipo, na sehemu nyingine kinatumika. Lakini mwaloni una tabia nzuri kwa kazi hii. Unakatwa na kuchongwa ukiwa mbichi, haukaushwi, kwa sababu utaishi majini maisha yake yote. Ukiloa unavimba na kujibana wenyewe kwenye maungo. Ukigongwa na boti, na utagongwa, unanesa kidogo badala ya kupinda moja kwa moja. Loki nyingi pia zinalindwa kisheria kama majengo ya kale, huwezi kujibadilishia unavyotaka.

Lango moja hudumu takriban miaka 25. Karakana kubwa ya kuyatengeneza iko Stanley Ferry karibu na Wakefield, kaskazini, na moja laweza kuchukua mpaka siku 20 kulitengeneza. Hakuna malango ya saizi moja ya dukani. Waliochimba loki karne mbili zilizopita walijenga kwa mikono, kwa hiyo kila chumba kimekosea kivyake na kila lango linapimwa upya. Linalofaa loki hii halifai ya jirani yake.

Lango linawekwaje?

Kreni kubwa ilifika usiku ili isizibe barabara. Lango la zamani lilitoka kwanza, na ukiliona juu ya nchi kavu unashangaa kwamba lilikuwa linazuia kitu chochote: limeota ukoka, mbao za chini zimelika zikawa laini kama mkate uliolowa, kucha inazama. Tani kadhaa za uozo zinazunguka hewani taratibu, maji yanamwagika, na sisi watazamaji kama kumi hivi tumenyamaza kama msibani.

Lango jipya lina rangi ya asali na harufu kali, chachu, kama siki. Upande wake mmoja ni nguzo ya mviringo inayokaa ndani ya pembe ya jiwe iliyochongwa kama nusu bomba. Lango linazunguka hapo. Chini kuna pini ya chuma inayoingia kwenye kikombe chake sakafuni, juu kuna pete inayoshika shingo ya nguzo. Hakuna bawaba kama za mlango wa nyumba. Kinachoziba maji ni mbao kukumbatia jiwe, basi.

Nilidhani watalishusha na kwenda nyumbani. Walilishusha, wakaliangalia, wakalipandisha. Fundi seremala akachonga nguzo hapa, akapiga randa pale, likashushwa tena. Mtu mmoja akaingia nyuma na tochi, mwingine akawa mbele anatafuta mwanga unaopenya. “Kuna mwanga,” anasema. Juu tena. Nilihesabu mara nne kabla ya chakula cha mchana, kisha baridi ikanishinda. Waashi nao walikuwa chini wanatengeneza jiwe la pembe lililovunjika, wanajaza viungo vya matofali kwa chokaa. Saruji ya kawaida ni ngumu mno kwa matofali ya zamani; chokaa inapumua na kufuata ukuta unavyocheza.

Kazi ya mwisho ni pale malango mawili yanapokutana. Hayakutani sawasawa kama mlango wa kabati. Yanakutana kwa pembe, kama omo ya mtumbwi inayotazama maji ya juu. Maji yanaposukuma, yanayabana moja juu ya jingine. Yakizidi kusukuma, yanazidi kubana. Umbo hili hutajwa pamoja na jina la Leonardo da Vinci, aliyefanya kazi kwenye mifereji ya Milano mwishoni mwa karne ya 15. Siku hizi tuna kompyuta mifukoni, na bado hakuna aliyelibadilisha.

Ukiwa umeegesha juu ya loki inayotengenezwa, boti yako haiwezi kubaki mkavuni?

Inaweza, na imenipata, ingawa si kwa kosa la mafundi. Usiku mmoja mtu asiyejulikana alipita kwenye loki nyingine na kuacha kilango wazi. Maji yakaondoka polepole tukiwa tumelala. Saa kumi alfajiri niliamka kwa sababu nilikuwa nimebanwa ukutani na godoro langu. Boti ilikuwa imeketi ubavu topeni, kamba za kando zimekazwa kama nyuzi za udi, na jikoni kilo mbili za mchele zilikuwa zinatembea sakafuni.

Kosa lilikuwa langu pia. Nilifunga kamba fupi. Mtu niliyezaliwa penye kupwa na kujaa, nikasahau kuipa kamba ulegevu kwa sababu eti mfereji haupwi! Nilitoka na taa ya kichwani kulegeza kamba, boti ikajikalisha vizuri kidogo, na kufikia mchana maji yalikuwa yameongezwa. Mchele niliupeta, nikaupika.

Tulisikia huruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Sasa ilikuwaje?

Ni kweli kwa sisi tusio na kituo cha kudumu. Sheria ya mwaka 1995 inataka boti iwe inasafiri kweli, isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, au muda mrefu zaidi ikiwa hali inahitaji. Loki iliyofungwa, barafu, ugonjwa, ni hali. Unawaarifu mapema, unaandika sababu. Usinyamaze ukidhani wanajua. Anayekagua anaandika namba za boti, hasomi moyo. Pia unaweza kulipia kituo cha majira ya baridi na kukaa kwa amani, kama mfuko unaruhusu.

Maji ya kunywa, choo na joto mnapata vipi mkiwa mmenaswa?

Maji kwenye bomba la mfereji, unajaza tangi. Choo changu ni cha kasha, kinabebwa na kumwagwa mahali maalumu, na hapa sitaongeza neno. Mkaa, gesi na dizeli huletwa na boti ya kuuza nishati, ambayo ikichelewa kila mtu anatoka nje kutazama kona kama abiria wa pantoni. Jiko liwashwe usiku kucha, lakini uwe na king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi. Ni sharti la ukaguzi wa usalama tangu 2019. Mkaa huua watu usingizini Dar es Salaam na Nairobi kila msimu wa baridi na mvua, na boti ni chumba kidogo kuliko chochote utakachopanga huko.

Nani analipa matengenezo haya?

Sisi wenye leseni, kwa sehemu. Serikali inatoa ruzuku, Trust ina mali na uwekezaji unaoingiza fedha, na watu wanachangia. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku itapungua kuanzia 2027, na tangu Aprili 2024 sisi tusio na kituo tunalipa nyongeza juu ya ada ya leseni. Hapo wenye boti wamegawanyika vibaya. Mimi sipendi nyongeza ile, nahisi tumechaguliwa kwa kuwa ni rahisi kutuona. Lakini nimeuona ule mwaloni uliooza, na najua bei ya seremala anayelipandisha lango mara nne kwa sababu ya uzi wa mwanga.

Naweza kuja kutazama?

Njoo. Njia ya ukingoni iko wazi kwa kila mtu, na uzio wa mafundi hauzuii macho. Kila msimu wa baridi Trust huchagua kazi chache na kuziwekea siku ya wazi. Unavalishwa kofia, unashuka ngazi hadi sakafu ya loki iliyokaushwa. Ukiwa chini, gusa matofali. Utaona alama walizochonga waashi kwenye baadhi ya mawe. Vaa viatu usivyovipenda. Na ukiwa upande wa mashariki, fika Crofton, kwenye mtambo wa mvuke wa kusukumia maji wa Boulton na Watt wa mwaka 1812, ambao bado unaweza kufanya kazi yake palepale ulipowekwa.

Mafundi hawachoki kutazamwa?

Wengine wanachoka. Mmoja hakuniitikia salamu wiki nzima. Lakini ukikaa kimya, usipige picha nyuso za watu, na ukiwa na jivu, unakaribishwa.

Lango la zamani linakwenda wapi?

Vyuma vilivyo vizima vinavuliwa na kuchunguzwa, vingine vinarudi kazini. Mbao nzuri zikipatikana hufanyiwa mabenchi na kadhalika. Mimi sikuomba ya zamani. Siku ya mwisho, mbao za kuzuia zilipoinuliwa na maji kurudi ndani kwa kishindo, malango mapya yakavuja pande zote, na yule mzee akasema tuyape wiki yavimbe. Halafu akanitupia kipande cha mwaloni mbichi kilichobaki kwenye lango, kirefu kama mkono.

Nimekichonga kibao cha mbuzi. Chuma cha kukunia nazi nililetewa kutoka Tanga ndani ya begi la nguo. Karibu na jiko mwaloni ukaanza kukauka na kupasuka, ufa mmoja kutoka kiti hadi katikati, kwa hiyo sasa kibao kinalala nje kwenye tezi, mvuani, na nikitaka kukuna nazi nakiingiza ndani kikiwa kimelowa na kukikalia hivyohivyo.